Yaya Acen na Neno la Wagiriki

Wiki ya tatu baada ya kumzika dada yangu nilikwenda sokoni kununua chumvi, nikapita mahali wanapouza makayabu, wale samaki wa chumvi waliokaushwa hadi wakawa wagumu kama mbao. Harufu ilinishika, nikasimama. Muuzaji alidhani ninataka kununua, akaanza kunichagulia kipande. Sikuwa na haja ya samaki. Nilikuwa nimerudi nyuma ya duka la Mgiriki, nina miaka minane, jasho mgongoni, nikitafuta dawa ya dada yangu kwa mtu ambaye nilidhani kwamba ugonjwa ule ni wa kwao.

Tulikaa mtaa wa Saio, hapa Bunia, katika nyumba ambayo baba aliijenga mwenyewe kwa sababu kazi yake ilikuwa uashi. Kwao ni upande wa Mahagi. Sisi Waalur tukizaa mapacha wa kike, wa kwanza huitwa Apio, wa pili Acen, na mtoto anayewafuata huitwa Akelo. Akelo ni mimi. Apio sikumwona. Alikufa akiwa bado ananyonya, kabla mimi sijazaliwa. Acen alibaki, akawa mkubwa wangu kwa miaka mitatu, nami nilimwita Yaya, kama tunavyowaita hapa wakubwa wetu.

Acen alikuwa mtoto wa kutulia. Wanawake wa jirani waliokuwa wakishona walimletea sindano awatilie uzi, kwa kuwa macho yao yalichoka na mkono wake haukutetemeka. Alilowesha uzi mdomoni, akaupitisha mara moja, akarudisha sindano. Nilikaa karibu naye nikiona fahari, kana kwamba mkono ule ulikuwa wangu.

Mvua zilipokuwa nyingi aliumwa koo. Mama alimsukutulisha maji ya chumvi, koo likapona, tukasahau. Mwezi ukapita, labda miwili. Ndipo kikombe kikamwanguka. Mama akamwambia afungue macho. Siku nyingine sahani, kisha uzi ukakataa kuingia katika sindano. Jirani alisubiri, akacheka kidogo, akaichukua sindano yake, na hakurudi tena. Katika daftari la Acen herufi ziliacha mstari zikapanda juu kama siafu waliomwagiwa maji.

Baadaye mwili mzima uliingia. Bega liliruka. Vidole vilifunguka na kufungika. Nyusi ilipanda, ulimi ukatoka na kurudi upesi kama wa mjusi, goti likageuka. Nimeishi miaka mingi na bado sijaona kitu kama kile. Mtu anayetetemeka kwa baridi hurudia mwendo mmoja, lakini kwa Acen hakuna mwendo uliorudi. Ulitoka mkononi ukaenda shingoni, ukashuka mguuni, kama upepo unavyopita katika shamba la ulezi nawe hujui ni wapi utakapoinamisha. Alipolala mchana, vyote vilikoma. Nilikaa kando ya mkeka nikimngoja aamke, ili nione mwendo utaanzia wapi. Kila siku ulianzia pengine.

Nyinyi mliosoma enzi ile ya Zaire mnakumbuka asubuhi zetu. Kwanza bendera: mistari iliyonyooka, mikono kando, bila kutingishika hata nzi akitua puani. Kisha animasyo, yaani kuimba na kucheza kwa kumsifu mkuu wa nchi. Katika kucheza, Acen hakujulikana kuwa mgonjwa. Mwalimu alimweka mstari wa mbele, akasema tumwangalie, huyu ana kitu ambacho sisi hatuna. Nami niliamini hivyo. Lakini mbele ya bendera alikuwa mwenye dhambi. Mkurugenzi wa shule alimpigisha magoti juu ya changarawe, na hata pale kwenye magoti alicheza. Watoto waliofuata nyuma yetu njiani walimwuliza: “Acen, umekula umeme ya nani?” Yeye mwenyewe alicheka nao. Kilichomtoka kilikuwa kicheko, lakini uso ulikwenda upande wake.

Mkurugenzi akamwita baba. Kudharau bendera halikuwa jambo dogo wakati ule. Baba alivaa koti, akanishika mkono mimi badala ya Acen, sijui kwa nini, tukasimama ofisini. Alisema kwa sauti ya chini sana: “Mutoto haiko anacheka bendera, Bwana Direktere. Hata kijiko inamushinda.” Mkurugenzi akasema alete karatasi ya daktari, vinginevyo mtoto asirudi.

Bibi yetu, mama yake baba, ambaye tulimwita Tate, alifika kutoka Mahagi kabla ya karatasi hiyo. Mtu wa loli alikuwa amempelekea habari. Alishusha gunia lake la maharage, akaketi uani, akamtazama Acen asubuhi nzima bila kumgusa. Saa ya kula akamwambia baba: “Huyu haiko mugonjwa. Iko anaitwa.”

Akaeleza, na baba alijua kwamba ni kweli. Mapacha kwetu huchezewa ngoma yao nyumbani kwa baba yao, jamaa wote wakiwepo, ndipo wanakaa vizuri pamoja na watu. Apio na Acen walizaliwa huku Bunia, mbali, baba akiwa katikati ya kazi. Alisema wangekwenda msimu ujao. Kabla ya msimu ujao Apio alikufa. Ngoma haikuchezwa kamwe. Sasa Apio, alisema Tate, amechoka kungoja, anacheza katika mwili wa mwenzake. Ijumaa kuna loli inarudi Mahagi. Acen atapanda, atacheza ngoma yake siku tatu, na mambo yatakwisha.

Nilimsadiki kabisa. Nitasema pia jambo nililolifanya kwa kusadiki huko. Siku moja mama aliniachia Acen nimwangalie. Nilichukua ukanda wa kitenge nikamfunga mikono yote miwili, nikataka kujua Apio atakwenda wapi nikimzibia njia. Alitoka miguuni. Nikakalia miguu. Akatoka usoni, kwa nguvu, macho na mdomo na kidevu, na Acen akiwa ananitazama kutoka nyuma ya uso ule, mwenyewe, ametulia, kama mtu aliye ndani ya nyumba inayotikiswa. Nikamfungua nikakimbia. Hakumwambia mama.

Baba alikuwa mtu wa kusikiliza pande mbili. Jumanne alimpeleka kwenye zahanati, na Tate akafuata kuona watakachosema, na mimi nikafuata kwa sababu hakuna aliyenikataza. Muganga, maana ndivyo tunavyomwita muuguzi hapa kwetu, alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia Acen atoe ulimi na auache nje. Ulimi haukukaa. Alimpa vidole viwili avibane. Acen alivibana, akaachia, akabana, kama mtu anayekamua ng’ombe. Kisha akauliza juu ya koo. Mama hakuwepo, baba hakukumbuka, nikajibu mimi. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

Akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Alipomaliza alinitia masikioni vile vyuma vyake vya kusikilizia, labda ili ninyamaze, labda kwa kunilipa. Nikasikia ngoma. Ilipigwa mbali, ndani, na baada ya kila pigo palikuwa na pumzi, fuu, kama mtu anayepuliza makaa. Nilimtazama Tate. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha kujulikana.

Lakini muganga alimwambia baba kwamba ile pumzi ni mbaya. Ugonjwa ulianza katika koo, ukaenda kichwani ukaleta mchezo huu, na ukaingia moyoni. Mchezo utapita. Moyo ndio wa kuogopa. Achomwe penisilini leo, na kila mwezi baada ya leo, miaka mingi. Alale. Asibebe maji, asikimbie, asicheze hata kidogo.

Tate akamwuliza: “Na kama iko anacheza yeye mwenyewe, utamukataza na nini?”

Muganga akacheka, akafuta miwani. “Hapo umenishika, Mama. Hata jina ya ugonjwa ni dansi.” Aliandika katika kadi neno la Kifaransa, chorée, akalitamka kore. Alisema Mbelgiji aliyewafundisha uuguzi aliwaambia kwamba neno hilo si la Wafaransa, wameliokota tu. “Ni ya Bagiriki. Bagiriki ya zamani njo baliona mutoto kama huyu, bakasema: dansi.”

“Sasa unaona,” Tate akamwambia baba. “Hata beye bazungu banajua.”

Muganga aliacha kucheka. Alisema polepole, akimwangalia baba peke yake: “Moyo yake iko na kidonda. Ukimuchezesha sasa, utamuzika.”

Ile kadi ilimtosha mkurugenzi. Haikumtosha Tate. Nyumbani watu wakawa wanapishana mlangoni bila kutazamana. Mama alilia jikoni na kusema ni moshi. Baba alimwogopa mama yake, na alimwogopa Apio pia, nadhani, kwa sababu yeye ndiye aliyesema msimu ujao. Jumatano usiku na Alhamisi asubuhi hakula. Nguo za Acen zilikuwa zimekwisha kufungwa katika kitambaa kando ya gunia la Tate, tayari kwa Ijumaa.

Mimi sikuchagua kati ya Tate na muganga. Kichwani mwangu wote wawili walikuwa wamesema jambo moja, kwamba ni dansi, na muganga alikuwa ameonyesha ni ya nani. Kwangu Wagiriki wa zamani walikuwa watu ninaowajua. Walikuwa wale waliokuwa na maduka katikati ya mji, wa vitambaa na sukari na makayabu, kabla serikali haijayachukua maduka ya wageni na kuwapa wenyeji. Wengi walikwenda zao. Wa zamani aliyebaki alikuwa mmoja, Muzee Yorgo, aliyekuwa na mke wa huku na watoto wa huku. Duka lake la mbele lilikuwa la mtu mwingine sasa. Yeye aliachiwa ua wa nyuma, akaoka mikate. Nikawaza: kama watu wake ndio waliouona ugonjwa huu na kuupa jina, basi yeye ana dawa. Ilikuwa akili safi kabisa, ya miaka minane. Alhamisi, baada ya masomo, sikurudi nyumbani.

Nilipita ubavuni mwa duka, penye magunia ya makayabu, nikaingia uani. Alikuwa ameketi juu ya kreti, fulana imejaa unga. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema wa muashi wa Saio.

“Muashi wa Saio,” akasema. “Ambia baba yako furu yangu inatoa moshi kama loli.” Baba ndiye aliyemjengea furu ile, yaani tanuri ya mikate.

Nikasema nimekuja kuomba dawa. Akauliza dawa ya nini. Nikasema ya dansi yenu.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaona kwamba mimi sicheki. Nikamwambia yote kwa kukimbiza maneno, kuhusu bendera, kuhusu Apio na loli ya kesho, na jinsi muganga alivyosema kore, na kwamba Wagiriki ndio waliotangulia kuona. Alilirudia neno lile mara mbili akilionja. Akasema kwao dansi ni horos, kwa hiyo muganga hakudanganya, ila ile ya kwao si ya mtu mmoja. Watu hushikana mikono katika duara, anayeongoza akitikisa kitambaa, na hakuna anayeachiliwa acheze peke yake. Alisimama anionyeshe, akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga, tukapiga hatua nne au tano kuzunguka kreti. Mzee yule mzito alikuwa na miguu myepesi kama ya mbuzi. Nilishangaa hata nikasahau kilichonileta.

Yeye hakusahau. Alisimama ghafla, akauliza kama vitu vinamwanguka. Akauliza kama ulimi unakataa kukaa nje. Mambo hayo mawili sikuwa nimemwambia. Nikamwuliza amejuaje.

“Ndugu yangu alikuwa nayo,” akasema.

Alifunika mikate kwa gunia, akawaachia wanawe, akaniambia nitangulie. Tulipita katikati ya mji hadi Saio, mzungu mzee mwenye unga na mtoto wa shule, na watu walituuliza tunakwenda wapi, naye aliwajibu kwamba anakwenda kugombana na muashi.

Tate alikuwa uani. Mama alitoa kiti. Yorgo alimsalimu Tate kwa heshima ya mtu na mama yake, akaketi, akamtazama Acen aliyekuwa juu ya mkeka kivulini. Alimtazama kidogo tu, kisha akageuza uso. Baba alirudi kutoka kazini akawakuta hivyo. Hakuna aliyejua aanze wapi. Akaanza Tate, kwa kuwa alikuwa mkubwa.

“Siye tunasema mutoto huyu anataka ngoma yake. Ninyi kwenu, mulifanya nini?”

“Tulimupa,” Yorgo akasema.

Alieleza kwamba kijijini kwao palikuwa na kanisa la mtakatifu mlimani, na siku ya sikukuu watu hucheza uwanjani kwake. Wazee walisema mtoto akicheza pale na wengine, mtakatifu atamwondolea. Mama yao alimbeba ndugu yake mgongoni hadi juu. Walimtia ndani ya duara.

“Alicheza?” Tate akauliza.

“Alicheza kupita wote. Hata mimi nilimuonea wivu.”

“Na kisha?”

“Kisha pumzi ikakuwa fupi. Hakufika mavuno. Moyo, Mama. Siye hatukujua ni moyo.”

Acen aliinua mkono juu ya mkeka, ukazunguka hewani, ukarudi. Tate alimwuliza Yorgo ndugu yake aliitwa nani. Akasema Stavro. Tate alijaribu jina hilo mara tatu, nne, na halikumkaa mdomoni, lakini aliendelea kulisema kwa sauti ya chini kama tunavyosema majina ya watoto wetu waliokufa. Nilifikiri amekasirika. Leo nimekuwa na umri wake wa wakati ule, najua kwamba alikuwa akifanya jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya maishani mwake: alikuwa akiacha kuwa na hakika.

Mwishowe akamwambia baba: “Ijumaa nitapanda loli peke yangu. Apio ni mujukuu yangu. Miguu yangu itatosha.”

Baba alitaka kusema kitu. Akamkatisha: “Na weye, kesho utengenezee huyu muzungu furu yake.”

Akaenda. Alikaa wiki mbili. Tulisikia kwa watu waliokuwepo kwamba aliwaita jamaa, akasimama mahali pa mapacha na mahali pa mama yao, akacheza siku tatu, mwanamke yule mzee, na hakuna aliyemcheka. Alirudi miguu imevimba hata viatu havikuingia. Acen alikuwa bado analala kwenye mkeka, amechomwa sindano, anacheza. Lakini mwendo ulikuwa umeanza kupungua. Kiangazi kilipoingia ulibaki vidoleni tu, kisha siku moja mama alimpa sindano na uzi bila kufikiri, na uzi ukaingia. Tulitazamana sote. Acen mwenyewe aliitazama sindano kama imetoka mbinguni.

Nani wa kumshukuru? Muganga alisema mchezo ule hupita wenyewe, na madaktari niliowauliza baadaye wamesema vivyo hivyo. Tate hakubishana. Baba alipeleka kuku kwa muganga, kuku kwa Yorgo, na kwa Tate kitenge. Mimi siwezi kusema zaidi ya hayo. Sindano ya kila mwezi ilikuwa kazi yangu. Nilimsindikiza hadi akawa msichana mkubwa, akachechemea kurudi akiniegemea. Baadaye ilifika miaka ya vita ambapo sindano haikupatikana, wala zahanati, wala njia ya kwenda. Lakini aliolewa, akazaa watatu, akawashonea nguo. Moyo wenye kidonda ulimbeba miaka zaidi ya arobaini kutoka siku ile ya mkeka. Ulimwachilia juzi hapa, asubuhi, hospitalini, nikiwa nimekwenda kuchota maji.

Daktari aliyeandika karatasi ya kifo alikuwa kijana, mpole. Aliuliza moyo uliharibika tangu lini. Nikamwambia tangu akiwa na miaka kumi na moja, na nikamtajia lile neno. Alisimamisha kalamu. Alisema amelisoma tu, hajaona mgonjwa wake hata mmoja. Akaniuliza, kwa heshima, kama ninakumbuka ilikuwaje.

Nikaweka ndoo chini. Pale kwenye korido, mwanamke mwenye mvi, nikajaribu kumwonyesha. Niliinua bega. Nikafungua vidole, nikatoa ulimi, nikageuza goti. Watu walisimama kutazama. Kila nilichofanya kilikuwa uongo. Nilirudia mwendo uleule bila kutaka, bega, vidole, goti, bega, vidole, goti, kwa sababu mwili unaochagua hauna njia nyingi. Nikajaribu tena, polepole. Daktari akanishika mkono, akasema inatosha, Mama, nimeelewa. Lakini hakuwa ameelewa, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha. Aliyeijua dansi ile alikuwa nyuma ya mlango, amefunikwa shuka, ametulia.